Gari langu la umeme linaishiwa nguvu mlimani na asubuhi haliwaki. Je, betri imekufa?

Swali: Shikamoo fundi. Nina gari dogo la umeme la mwaka 2014 kutoka Japani, betri yake ni ya kilowati-saa 24. Nililinunua mwaka jana hapa hapa Dar es Salaam. Vile vipande 12 vya uzima wa betri kwenye dashibodi vimebaki 9. Naishi Mbezi, kazi yangu iko Posta, na nachaji kila baada ya siku mbili. Wiki tatu zilizopita, jioni, nikiwa napandisha kutoka Ubungo kwenda Kimara na chaji asilimia 28, gari liliishiwa nguvu ghafla na taa ya kobe (alama kwamba gari limepunguziwa nguvu) ikawaka. Malori yakawa yananipita huku yananipigia honi. Nilipofika tambarare likarudi sawa. Imetokea mara nne sasa. Kisha juzi asubuhi halikuwaka kabisa: taa zinafifia na kurudi, ndani kuna mlio wa ta-ta-ta, dashibodi imejaa maonyo ya kila rangi, na usiku nililiacha chaji imejaa. Fundi niliyempata amesema betri imekufa, ninunue nyingine nzima, na bei aliyotaja ni karibu nusu ya fedha niliyonunulia gari. Aliyeniuzia hapokei simu. Niliuze hivyo hivyo lilivyo? (Msomaji wa Mbezi)

Jibu: Marahaba binti yangu, na pole sana. Kuishiwa nguvu katikati ya mlima huku malori yako nyuma yako si jambo la kuchukulia wepesi, na tutalifikia.

Barua yako ina wagonjwa wawili, na fundi wako amewazika kaburi moja. Kuishiwa nguvu mlimani ni ugonjwa wa betri kubwa iliyo chini ya sakafu. Kutowaka asubuhi ilhali chaji imejaa, kwa dalili ulizozitaja, ni ugonjwa wa betri ndogo ya volti 12, ya aina ileile unayoiona kwenye daladala. Usitoe hata shilingi kwa ajili ya betri kubwa kabla hawa wawili hawajapimwa, kila mmoja peke yake.

Jina la kampuni iliyotengeneza gari lako nimeliondoa kwenye barua, kwa kuwa uliyoyaeleza yanaelekea kwenye umri na joto kuliko kwenye kosa la kiwandani. Mifano yangu mingi itatoka kwa Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, kwa sababu ndiyo iliyozeekea mikononi mwa watu wengi, na wenye nayo wamekuwa wakiipima kwa miaka.

Nianze na asubuhi ile, maana dawa yake ni nafuu. Betri kubwa hailali ikiwa imeunganishwa na gari. Ukizima, swichi nzito zilizo ndani ya kasha lake hufunguka na kuitenga kabisa, ili volti mia tatu na zaidi zisibaki zikizunguka kwenye nyaya wakati umelala. Asubuhi ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kinachozifunga tena swichi hizo ni umeme wa volti 12. Ile ndogo ikiwa imechoka, ile kubwa hata ikiwa na asilimia 100 haina faida kwako: tangi limejaa maji, lakini hakuna wa kufungua koki. Huo mlio wa ta-ta-ta ni swichi ndogondogo zinazojaribu kushika na kuachia kwa sababu volti hazitoshi. Na yale maonyo ya kila rangi ni kompyuta za gari zilizoamka nusu usingizi. Kila moja inadai mwenzake hajibu. Fundi akisoma maonyo hayo bila kupima kwanza betri ndogo, ataona gari zima limeharibika.

Kwa nini hukupata dalili mapema? Gari la petroli lina stata. Betri yake ikianza kuchoka, stata hulalamika wiki kadhaa, inazunguka kwa uvivu, nawe unajua siku zinahesabika. Gari la umeme halina stata. Betri ndogo inawasha kompyuta na swichi tu, kazi nyepesi, kwa hiyo inaweza kuoza kimyakimya mpaka siku inayogoma. Halina alteneta pia, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Kuna kifaa kinachochukua umeme wa betri kubwa na kuushusha hadi volti 14 hivi ili kuichaji ile ndogo.

Kipimo chake ni cha dakika chache, na multimita ya kawaida ya fundi umeme wa mtaani inatosha. Gari likiwa limezimwa na limepumzika saa kadhaa, gusisha ncha za multimita kwenye vichwa vya betri ndogo. Volti 12.6 maana yake imejaa. Volti 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 11.8 imekwisha. Kisha liwashe gari, na likigoma libusti kutoka kwenye betri nyingine ya volti 12; kwa kuwa hakuna stata, haihitaji betri kubwa ya lori. Gari likishawaka na kuwa tayari kwa safari, pima tena palepale. Ukiona volti zimepanda, 13 na kitu hadi 14 na kitu, basi kifaa cha kuchaji ni kizima na tatizo ni betri ndogo yenyewe, au kuna kitu kinachoinyonya usiku. Ukiona zimebaki kwenye 12 na zinaendelea kushuka huku gari limewaka, hicho kifaa ndicho kibovu, na usitoke nalo barabarani, kwa sababu litakuzimikia popote.

Hilo la mwisho silisemi kukutisha. Mwaka 2024 Hyundai na Kia yaliyaita magari yao yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ya kifaa cha namna hiyo. Kwa Hyundai peke yake, wito wa Novemba mwaka huo nchini Marekani uligusa magari zaidi ya 145,000, yakiwemo ya Ioniq 5. Kifaa kikiungua, betri ndogo haipati chaji na gari hupoteza nguvu likiwa kwenye mwendo. Hayo yalikuwa magari mapya yenye betri kubwa nzima kabisa. Ndiyo maana nasisitiza: kushindwa kwa gari la umeme hakumaanishi kila mara kwamba betri kubwa imeshindwa.

Kuhusu kinachonyonya usiku, jiulize kama aliyekuuzia au wewe mwenyewe mmefunga kifaa cha kufuatilia gari. Hapa kwetu magari mengi ya mtumba yana kimoja, na mara nyingi kimeunganishwa moja kwa moja kwenye betri ndogo. Vile vijidude vya kusomea gari vinavyochomekwa chini ya usukani navyo hunyonya vikiachwa hapo siku nyingi.

Sasa tuje mlimani.

Watu wengi huifikiria betri kubwa kama debe moja. Si debe moja. Kwenye Leaf ya kilowati-saa 24 ndani mna seli 192, zimefungwa nne nne kwenye moduli 48. Seli hizo zimeunganishwa mbili mbili, kisha hizo jozi 96 zikapangwa mstari mmoja, umeme unapita kwenye moja kwenda nyingine. Kila jozi inatoa volti 3.7 au 3.8 hivi, zidisha mara 96, unapata kama volti 360. Umewahi kuona watu wamejipanga mstari kuzima moto, wanapokezana ndoo za maji kutoka kisimani? Akiwepo mmoja katikati mwenye mkono unaouma, mstari wote utakwenda kwa kasi yake, hata kama wengine 95 ni vijana wenye misuli. Betri yako ni mstari huo.

Kupandisha mlima ndiko kunakomfichua mwenye mkono unaouma. Ukiwa kwenye foleni ya Magomeni gari linakula umeme kidogo sana. Ukianza kupandisha kwenda Kimara na kiyoyozi kimewashwa, mota inaweza kuomba kilowati 40. Gawa kwa volti 360, unapata ampea 110 hivi, na ampea hizo zote zinapita kwenye kila jozi, nzima na mbovu. Kila seli ina ukinzani wake wa ndani unaokula sehemu ya volti zake wakati wa kazi. Tuseme jozi nzima ina ukinzani wa miliohmu 1: itashuka kwa volti 0.11, haina habari. Tuseme jozi moja iliyozeeka imefika miliohmu 5: hiyo itashuka kwa volti 0.55. Kama ilikuwa imepumzika kwenye volti 3.65 kwa sababu chaji imeshuka, sasa iko 3.1, inakaribia mpaka ambao kompyuta haitakubali uvukwe, kwa maana seli ya lithiamu ikishushwa mno huharibika moja kwa moja. Kompyuta haiangalii wastani wa wote 96, inamwangalia mnyonge. Inakata nguvu ya mota na kuwasha taa ya kobe. Ukifika tambarare, ampea zinapungua, volti za yule mnyonge zinapanda, gari linarudi kama halikuwa na lolote. Hicho ndicho ulichoniandikia, neno kwa neno.

Kwa hiyo tofautisha ujazo na nguvu. Vile vipande 9 vinakuambia ujazo. Kipande cha kwanza huondoka betri ikipoteza kama asilimia 15 ya ujazo wake, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6; kwa vipande 9 umebaki na kati ya asilimia 66 na 72 hivi. Kwa gari la mwaka 2014 hiyo si aibu, na kwa safari zako za mjini bado inatosha. Betri iliyopungua ujazo wake sawasawa kila seli inakufikisha karibu tu kuliko zamani. Haikuachi mlimani na asilimia 28. Asilimia 28 na kobe, kisha nafuu ya ghafla, ni alama ya seli chache zilizoachwa nyuma na wenzao.

Kuna njia ya kulithibitisha hili bila kufungua boti hata moja. Nunua kijidude cha blutuzi kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, na weka kwenye simu programu inayosoma gari lako. Kwa Leaf wengi hutumia LeafSpy. Itakuonyesha jozi zote 96 kama nguzo zilizosimama mstari, na tofauti kati ya iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa kwa milivolti. Gari likiwa limetulia, tofauti ya milivolti 10 hadi 30 si ya kukukosesha usingizi. Lakini kipimo cha gari lililotulia hakitoshi, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanalipima likiwa chini ya mwembe, chaji imejaa, wanaona nguzo zote ziko sawa, wanasema betri nzima. Mnyonge akiwa amekaa huwezi kumjua.

Pima hivi. Acha chaji ishuke hadi asilimia 35 au 40. Mchukue mtu akae kiti cha abiria na simu, wewe usiiguse. Nenda saa ambayo barabara ni nyeupe, Jumapili alfajiri kwa mfano, upandishe mlima uleule, na mwenzio apige picha ya skrini kila baada ya sekunde chache. Ukiona nguzo nyingi zimeshuka kwa pamoja, lakini mbili, au nne, zimezama chini zaidi ya wenzake, na picha zote zinaonyesha namba zilezile, umempata mgonjwa wako kwa jina. Kila moduli ina jozi mbili, hivyo nguzo mbili zinazofuatana mara nyingi ni moduli moja. Ukiona zote zimezama kwa pamoja, hapo betri imechoka mwili mzima, na maneno ya fundi wako yatakuwa yamepata ushahidi.

Ikiwa ni moduli moja au mbili, zinaweza kubadilishwa kwa nyingine kutoka kwenye gari la aina hiyohiyo lililopata ajali. Masharti ni mawili, na usikubali fundi ayaruke. Moduli inayoingia iwe na ujazo unaokaribiana na wa zile zinazobaki. Mpya kabisa katikati ya wazee 47 haitakupa unachokitarajia, kwa sababu mstari bado utakwenda kwa wazee. Na kabla ya kuunganishwa iletwe kwenye volti zilezile za wenzake. Fundi asiyeweza kukueleza atafanyaje hilo, mshukuru na uondoke.

Naomba nikae kidogo kwenye usalama, kwa sababu hapa ndipo ninapopata hofu ya kweli. Kasha la betri kubwa lina uzito wa kilo karibu 300, na umeme uliomo ni wa mkondo mmoja (DC), volti zinazofika 400. Huo unaweza kuua. Nyaya zake ni za rangi ya chungwa ili mtu ajue asiziguse. Anayelifungua lazima achomoe kwanza kizibo cha kukatia umeme mkubwa, asubiri dakika 10 ili umeme uliohifadhiwa kwenye vifaa uishe, apime kuhakikisha umeisha, na avae glavu za mpira zilizothibitishwa kwa volti 1000. Hata kizibo kikishatolewa, moduli zenyewe bado zina umeme ndani. Kijana mwenye spana na kandambili asiliguse gari lako, hata kama ni hodari wa injini za dizeli. Na ikitokea masika gari limepita kwenye maji marefu, Jangwani au kwingineko, kisha likaonyesha onyo la umeme kuvuja, usilichaji wala kuliwasha mpaka lipimwe.

Ulijiuliza labda, kwa nini zichoke seli chache na si zote? Joto ni sehemu kubwa ya jibu. Betri ya Leaf za miaka hiyo haina maji ya kuipooza, tofauti na magari mengine mengi ya umeme. Inategemea hewa inayoizunguka tu, na seli zilizobanwa katikati ya rundo hupata joto kuliko za pembeni. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walianza kupoteza vipande ndani ya muda mfupi sana, na malalamiko yao ndiyo yaliyoifanya Nissan itoe dhamana ya ujazo: betri isishuke chini ya vipande 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000. Kwa magari ya toleo la 2015 kampuni ikaleta seli zenye mchanganyiko unaostahimili joto zaidi. Dar haifikii joto la mchana la Phoenix. Lakini Januari na Februari usiku wetu nao ni wa joto, na betri haipati saa za kupoa. Seli ya lithiamu huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na huzeeka haraka zaidi ikiwa imejaa na ina joto kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo kuna jambo unaloweza kulibadilisha leo hii. Unachaji kila siku ya pili hadi kujaa, kisha unaupanda mlima ukiwa na chaji kidogo. Geuza. Chaji kila usiku, kidogo kidogo, uondoke nyumbani na asilimia 80 au 90, na jioni ufike Ubungo ukiwa bado juu ya 50. Seli ikiwa na chaji ya kutosha, volti zake zinaanzia juu, na hata yule mnyonge akishuka hafiki kwenye mpaka. Kobe anaweza asikutokee tena kwa miezi mingi, kwa gharama ya kuchomeka waya tu. Egesha kivulini. Usiku tumia ampea 10 na si 13: ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3, na saa nane zinakupa karibu kilowati-saa 18, zaidi ya unazozihitaji, huku soketi yako ikibaki salama. Soketi ya nyumbani ikibebeshwa ampea 13 usiku kucha inaweza kuyeyuka, hasa ikiwa kuna waya wa kuunganishia katikati. Kama unatumia waya wa kuchajia uliokuja na gari, kumbuka nyumba za Japani zina volti 100 na 200. Mwonyeshe fundi umeme maandishi yaliyo kwenye kisanduku chake kabla hujaendelea kuuchomeka kwenye 230.

Angalia pia namba ya chasisi kwenye ukurasa wa mtengenezaji, uone kama kuna wito wowote wa marekebisho ambao haukutekelezwa. Mwaka 2021 General Motors iliyaita magari yote ya Chevrolet Bolt, yapata 142,000, kwa sababu ya kasoro mbili za kiwandani ndani ya seli zilizoweza kuleta moto, na betri zikabadilishwa kwa gharama ya kampuni. Gari la mtumba huja na wito wake, hata kama aliyekuuzia hakukutajia.

Na kuhusu huyo aliyekuuzia: fungua LeafSpy au programu utakayopata, usome uzima wa betri kwa asilimia, uulinganishe na vile vipande 9. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu ili vipande vionekane vingi siku ya kuuza, kisha vikashuka ndani ya wiki chache. Kama siku ya kununua ulionyeshwa 12 na ndani ya mwezi vikawa 9, una hoja dhidi yake, na picha ulizopiga siku hiyo ni ushahidi. Zitafute kwenye simu yako kabla hazijafutika.

Usiliuze sasa. Ukiliuza likiwa haliwaki, utapewa bei ya vyuma, pengine kwa ajili ya betri ya volti 12 tu. Kesho pima ile ndogo, ibadilishe ikibidi. Anza kuchaji kila usiku. Jumapili panda Kimara na mwenzio. Kisha nitumie picha mbili za zile nguzo 96, moja gari likiwa limetulia na moja ukiwa katikati ya mlima, pamoja na namba ya volti uliyoipata gari likiwa limewaka, nami nitakuambia ni moduli ya ngapi ya kumwonyesha fundi.